Ziwa la Kuvunjia Matanga

Harufu ya utoto wangu ni harufu ya nywele za bandia zikichovywa katika maji ya moto. Mama yangu alikuwa msusi katika saluni moja katikati ya Durban, chumba kirefu chenye vioo vilivyochubuka pembeni, na kila jioni aliporudi kwenye ghorofa tuliyokuwa tukiishi, harufu ile ilitangulia mlangoni kabla yake: plastiki iliyopata moto, mafuta ya nazi, na joto la vichwa alivyovishika tangu asubuhi. Wateja walimngoja yeye hata pale wasusi wenzake walipokuwa wamekaa bure wakichezea simu, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mistari yake haikupinda. Mimi nilisukwa kila Jumapili baada ya kanisa, nikiwa nimekaa chini katikati ya magoti yake, nikilalamika kwamba anavuta sana. Alikuwa akinigonga kichwani kwa kitana na kuniambia nyamaza, uzuri unauma. Kulalamika kule kulikuwa ni starehe, ila mtoto hajui starehe yake mpaka aikose.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, baridi ilipoingia, harufu ile ilitoka nyumbani kwetu. Simu ililia asubuhi moja kutoka Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mama alizaliwa na ambako reli inaishia mbele ya maji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa amefariki. Mama hakuweza kwenda kumzika. Karatasi zetu zilikuwa za ukimbizi, na mwenye karatasi kama zile akirudi kwao, amejifungia mlango wa kurudi Durban. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, wanasema, lakini wahenga hawakusema lolote kuhusu ng'ombe ambaye zizi lenyewe haruhusiwi kulisogelea. Mama alinyoa nywele zake zote, akavaa nguo nyeusi, akatandika godoro sakafuni. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, wakala, wakatuombea na kuondoka. Walipoondoka chumba kilibaki kidogo kuliko kilivyokuwa.

Mila ya upande wa mama ni hii. Binti wa kwanza ndiye anayebeba matanga ya mama yake, na mpaka aogeshwe kwa maji ya ziwa, hashiki kichwa cha mtu. Atapika, atafua, atakwenda sokoni, lakini kichwa cha mtu hakigusi, kwa kuwa mikono yake bado ni ya marehemu. Siku ya kuogeshwa anakwenda majini bila kula, bila kusema neno wala kuitikia salamu ya yeyote, akifuatana na mwanamke wa ziwa hilohilo atakayemmwagia maji, na mtoto wa kike wa damu yake atakayembebea kitenge kipya. Anaingia na nguo nyeusi, anatoka, anavaa kipya, na matanga yamevunjika. Lakini mtu hupelekwa mara moja tu. Akifika majini akarudi mkavu, hakuna tena wa nje anayeweza kumpeleka. Ni ndugu wa marehemu wenyewe, kwao, ndio wanaoweza kumfungulia njia.

Sasa mfikirie msusi asiyeruhusiwa kugusa kichwa. Mwenye saluni, mama mmoja wa Kinshasa mwenye huruma lakini mwenye kodi ya pango kila mwezi, alimwambia kiti chake atakishikilia mpaka baridi iishe, basi. Wakubwa walilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini. Mimi shida yangu ilikuwa ndogo na kubwa kuliko yao: nilitaka kichwa changu kirudi magotini kwa mama. Baba alijaribu kunisuka mara moja. Alikuwa mlinzi wa magari ufukweni, mwenye vidole vinene na nia njema, na kazi ile ilimchukua jioni nzima huku akiapa kwa Kifaransa. Kesho yake nilikwenda shule nimejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi.

Baba ndiye aliyesema kwamba bahari iko chini ya pua zetu, mama akaogee huko yaishe. Mama alimtazama kama mtu aliyetukana mkwewe. Bahari ina chumvi, alisema, na machozi yana chumvi, na kwao walijua tangu zamani kwamba chumvi haioshi chumvi. Baba akataja bwawa moja la bara, mwendo wa saa chache. Mama akakataa pia, kwa kuwa bwawa ni maji yaliyofungwa na watu, na maji yaliyofungwa hayawezi kumfungua mtu. Ndipo alipokumbuka lile ziwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amepanda treni ya kusini kwenda kumsuka bibi harusi, na katika mji mmoja mdogo wa pwani, treni ilipopita juu ya daraja, aliona kwa dirisha maji mapana yaliyotulia, matete pembeni, ndege weupe, nyumba zimeyazunguka na mtu mmoja ndani ya mtumbwi. Aliliona mara moja tu, na treni ilikuwa mwendoni, lakini lilimkaa. Mji wa ziwa, ndivyo alivyouita tangu siku hiyo, na mimi sikuwa na sababu ya kumbishia.

Mwanamke wa ziwa alipatikana ghorofa ya chini yetu. Alikuwa Mama Asha, Mtanzania kutoka Kigoma, ng'ambo ya Tanganyika hiyohiyo, mfanyabiashara wa vitenge na viatu vya mitumba, Mwislamu wa swala tano na mdomo usiopumzika. Alivaa hijabu juu ya koti kubwa la kiume lililofika magotini. Dini yake haikuwa na desturi kama yetu, na alilisema hilo waziwazi, lakini akaongeza kwamba jirani akikuita kwenye msiba huulizi utaratibu, unavaa viatu. Mama alimpenda kwa hilo. Mimi nilimpenda kwa kuwa alinipa biskuti siku ambayo mama alikuwa amefunga.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Baridi ya Durban si ya theluji, wala hakuna atakayekufa nayo, lakini ina upepo wa asubuhi unaopenya kwenye mikono ya sweta na kukaa humo. Tulivuka barabara za mjini, tukisimama kwenye kila roboti, kama tulivyozoea kuziita taa za magari hapa, mama mbele na kichwa chake kimefunikwa kitambaa cheusi, Mama Asha nyuma yake, mimi mwishoni na mfuko wenye kitenge kipya. Kilikuwa cha buluu chenye maua ya manjano, na nilikibeba kifuani kama mtu anayebeba sahani iliyojaa mchuzi. Ndani ya treni viti vilikuwa vya plastiki baridi na dirisha moja lilikataa kufunga. Upande wa kushoto ilionekana bandari na kilima cha Bluff kikiwa bado na giza, kisha tukaingia kwenye maghala ya Mobeni, ukuta baada ya ukuta, moshi mweupe ukipanda taratibu, na vibarua wakishuka wengi kwa pamoja wameinamisha vichwa. Nakumbuka niliwahurumia. Nilidhani ni watu waliokuwa wanakwenda mahali pabaya, na sisi tulikuwa tunakwenda mahali pazuri.

Bibi mmoja wa Kizulu mwenye blanketi mabegani alikaa mbele yetu akatusalimia. Mama hakuitikia. Bibi akarudia, na mama akaendelea kutazama dirishani. Watu wa kiti cha jirani waligeuka, na mmoja akasema kitu kuhusu wageni wasio na adabu, maana katika nchi hii kunyimana salamu ni jambo zito kama kunyimana maji. Niliona aibu ikinipanda masikioni. Niliitikia mimi, kisha nikamweleza bibi kwa Kizulu changu cha shuleni kwamba bibi yangu amekufa, na mama anakwenda kuogeshwa, na haruhusiwi kusema. Uso wa bibi ulibadilika. Alisema nao wana kuosha kwao, tena ni jambo la lazima, na mtu asiyeoshwa hukaa na kifo kwenye nguo. Akashuka Isipingo bila kumsalimu tena mama, ila alipopita alimwinamia kidogo. Baada ya hapo sikuwa na wasiwasi wowote. Ikiwa hata watu wa hapa walijua, basi ziwa nalo lingejua.

Tuliposhuka, jua lilikuwa limetoka lakini halikuwa na nguvu. Mji ulikuwa kimya, maduka bado yamefungwa, upepo ukisukuma mchanga barabarani. Maji tuliyakuta mahali alipoyaona mama, mapana, yametulia, na matete yako palepale. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Mama alivua viatu. Mama Asha alikunja mikono ya koti lake mpaka viwikoni, akachukua kikombe cha bati alichokuja nacho, akasema bismillahi kwa sauti ya chini, na wote wawili wakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mimi nilibaki ukingoni nimefungua mfuko. Mama aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayatia mdomoni. Hiyo haikuwa sehemu ya mila. Alifanya hivyo, nadhani, kwa kuwa ndivyo alivyofanya utotoni kila alipofika ziwani kwao. Kisha akasema, na aliposema tu nilijua mambo yameharibika.

"Iko chumvi."

Mama Asha naye alionja, akatema. Mbele kidogo, nyuma ya mchanga ulioinuka, kulikuwa na sauti ambayo sote tulikuwa tumeisikia tangu tulipofika na hakuna aliyeitilia maanani. Tulipanda pale juu tukaona. Lile ziwa lilikuwa na mdomo, na mdomo wake ulikuwa wazi baharini, na mawimbi yalikuwa yanaingia humo polepole, moja baada ya jingine. Yalikuwa ni maji ya mto mdogo yaliyosimama kuingojea bahari, na bahari ilikuwa imekwisha kuingia. Mtu wa pwani angelijua hilo bila kushuka kwenye treni. Mama alikuwa mtu wa ziwa, na kwa mtu wa ziwa, maji yaliyotulia yenye matete na ndege yana jina moja tu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na sisi hatukujua hata ladha yake.

Mama Asha alijaribu. Namkumbuka amesimama na kikombe chake, hijabu ikipigwa na upepo, akisema kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao. "Mama Neema, sisi tumefundishwa kwamba bahari ni tohara. Maji yake yanatakasa. Ingia, nikumwagie, Mungu anaona nia."

"Inatakasa watu wenu, dada," mama alisema. "Yule wangu alikuwa mutu wa ziwa. Atanijua namna gani na chumvi?"

Mimi nililia. Nilimshika mama nguo nikamwambia aingie tu, hakuna atakayejua, Kalemie ni mbali na baba hatauliza. Mama alinitazama bila hasira. Mkono wake uliinuka, ukafika karibu na kitambaa changu cha kichwani, ukarudi.

"Mikono yangu itajua, Neema."

Ni Mama Asha aliyesema kwamba kila maji yana yanakotoka, na tukipanda juu kuufuata mto tutafika mahali chumvi isipofika. Tulikwenda. Njia ilipita nyuma ya nyumba za watu, zenye kuta na nyaya za umeme na mbwa waliotufuata kwa kubweka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na mara nyingi mto ulipotea nyuma ya kuta hizo tukausikia bila kuuona. Mama alikuwa hajala tangu jana yake na alikuwa anatembea kama mtu anayebeba ndoo. Hatimaye tukafika chini ya daraja dogo ambapo ukingo ulikuwa wazi. Maji yalikuwa membamba, ya kijivu, na yalikuwa yanatembea. Mama Asha alionja kidole akasema hayana chumvi. Pembeni kulikuwa na kibao chenye alama nyekundu na maandishi ya Kiingereza na Kizulu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma shule, waliniita nikisome. Nilikisoma. Kilisema watu wasiguse maji yale kwa kuwa bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka huko juu. Mama akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, na neno halikubadilika.

Mama Asha alikipangusa kikombe chake kwa koti, akakirudisha mfukoni. Mama aliketi kwenye jiwe akavaa viatu vyake polepole, akifunga kamba kwa makini.

"Siwezi kumuaga mama yangu na maji ya choo," alisema. "Turudi."

Treni ya kurudi ilichelewa. Tulikaa kwenye benchi la stesheni, upepo ukigeuka na kuwa mkali, na Mama Asha akatoa mkate na chai ya chupa, akamsihi mama ale kwa kuwa sasa hakuna tena cha kufungia. Mama alikula. Lile lilinitisha kuliko yote yaliyotangulia, kumwona anatafuna mkate kama mtu wa kawaida, amemaliza safari. Nilikaa mwisho wa benchi, nimempa mgongo. Nilimchukia siku ile. Niliichukia bahari, na Kalemie, na bibi ambaye sikuwahi kumwona na ambaye alikuwa amemchukua mama yangu bila hata kunijua jina. Tulipopita Mobeni jioni vibarua walikuwa wanapanda, wamechoka, wananuka gundi na katoni, na mmoja alisinzia akaegemea bega la mama. Mama alisogea taratibu, kichwa chake kisimguse.

Baridi ilipoisha, kiti cha saluni kilipewa msichana mwingine. Mama alitafuta kazi isiyo na vichwa na akaipata kulekule Mobeni, kwenye ghala la kufunga mizigo, na kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakishuka alfajiri wameinama. Hakulalamika. Alitupikia, alitufulia, alinibeba mgongoni nilipovunjika mguu, na nilipokuwa na homa alinipima joto shingoni. Baba alininyoa nywele fupi kama mvulana, na nilibaki hivyo mpaka nilipoanza kujilipia mwenyewe msusi. Watu walidhani ni mtindo. Wahenga wanasema mwacha mila ni mtumwa, na mimi nimekaa na methali hiyo miaka yote hii nikijiuliza, yule anayeishika anaitwa nani.

Siku hizi tunaishi Queensburgh, katika nyumba yenye uwanja mdogo na mlimau mmoja. Baba alishatangulia mbele ya haki, na Mama Asha alirudi Kigoma. Mama yupo nasi, miguu yake imechoka, mikono bado mizuri. Nina binti wa miaka mitano mwenye nywele nyingi ngumu. Wiki iliyopita alimletea bibi yake kitana, akakaa chini katikati ya magoti yake bila kuambiwa na mtu, akainua kichwa. Mama alikaa na mikono yake hewani. Kisha akaiweka pembeni mwa kiti, akamwambia aende kwa mama yake.

Usiku huo nilimpigia simu mama yangu mdogo aliyeko Kalemie. Nilikuwa nimeamua kumwomba waifungue njia kutoka huko, kwa simu, kwa maombi, kwa namna yoyote wanayoijua. Alinisikiliza, halafu akacheka, si kwa ubaya. Aliniambia huko mambo hayo waliyaacha zamani. Ziwani kumejaa watu na uchafu, nani ana muda. Mtu akifiwa wanamwogesha uani na beseni, maji ya bomba, na kesho yake yuko kazini. Hata yeye mwenyewe, kwa mama yuleyule, ndivyo alivyofanya. Alishangaa kwamba dada yake bado anangoja.

Nililala na habari hiyo kifuani, na asubuhi nikamwambia mama. Nilimwambia yote, beseni, uani, bomba, na kicheko pia, kwa kuwa nilikuwa na hasira na nilitaka asikie kicheko. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Wale wako pembeni ya ziwa," alisema. "Wanaweza kuisahau mila, itawangojea palepale. Mimi nikiisahau, iko na nani?"

Jumamosi nilimshika binti yangu mkono nikampeleka saluni ya mjini, nikamlipa msichana nisiyemjua amsuke. Mistari ilipinda.